Mtoto Anapojifunza Kusoma

(Haya ni maneno aliyoyasema karani mmoja wa Mafia mbele ya wazee, waalimu na wazazi katika baraza la Kilindoni, siku chache kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari.)



Nimeombwa niseme habari za watoto wanaoingia shule mwezi huu, na jinsi mtoto anavyojifunza kusoma. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni ukarani, na karani hukaa siku nzima na karatasi za watu wengine. Lakini kwa sababu hiyo huona jambo ambalo pengine mwalimu halioni. Mwalimu humwona mtoto siku anapoingia shule. Mimi humwona mtu yule yule akiisha kuwa mzima, amesimama mbele ya meza yangu na karatasi mkononi.

Huja mtu na hati ya shamba la minazi, ameambiwa atie sahihi. Huniuliza, "Bwana karani, hapa pameandikwa nini?" Nikimwuliza kama alisoma shule, hujibu kwamba alisoma mpaka darasa la saba, nami namwamini, maana jina lake huliandika vizuri kuliko mimi. Nikimwambia anisomee ile hati, husoma: u-ha-mi-sho wa u-mi-li-ki. Sauti zote ni sawa, hakuna hata moja aliyoiacha. Kisha nikimwuliza hati hiyo inamtaka afanye nini, hunitazama tu. Na mtu huyu anataka kutia sahihi! Shamba la baba yake limo katika ile karatasi, naye amelitamka lote kwa mdomo wake, asijue kwamba anaambiwa alitoe.

Basi swali langu leo ni moja tu. Mtoto akizitoa sauti zilizoandikwa, je, amesoma?

Kwetu mimi ni Masasi, nchi ya korosho. Herufi zangu za kwanza nilifundishwa katika kishule cha watoto kilichokuwamo kiwanjani mwa misheni, na masomo yangu ya baadaye niliyapata katika shule za misheni hata nikawa karani. Mkitaka nieleze siku ya kwanza ya darasa la kwanza, nakumbuka kaptula iliyonipwaya, maana mama alimwagiza fundi ashone ya kunitosha miaka mitatu. Nakumbuka ufagio wa chelewa mkono wa kuume na kidumu cha maji mkono wa kushoto, kwa kuwa kila mtoto alitakiwa aje navyo. Nakumbuka daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, na harufu yake, ambayo hata leo hunijia nikifungua bunda la karatasi ofisini.

Tulikuwa watoto wengi katika chumba kimoja. Madawati hayakutosha, basi wa nyuma walikaa chini. Mwalimu wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliandika ubaoni ba be bi bo bu, akagusa kila moja kwa fimbo, nasi tukaitika kwa pamoja kama mvua juu ya bati. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watano au sita, nacho kilizunguka kwa zamu.

Karibu nami alikaa mtoto mmoja ambaye tulimwonea wivu sote. Zamu yake ikifika alisimama wima, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Hata siku moja upepo uliingia dirishani ukaufunua ukurasa, na yeye akaendelea na habari ya ukurasa wa kwanza kana kwamba hapakutokea neno. Sisi tukacheka sana. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki, akayaandika ubaoni maneno yale yale ya kitabu, lakini akayachanganya, la mwisho akaliweka kwanza na la kwanza katikati. Akamwambia, "Soma, baba." Mtoto akautazama ubao kama mtu anayetazama bahari usiku usio na mwezi. Hakujua hata neno moja. Kumbe alikuwa akiwasikiliza wenzake waliotangulia, akayashika yote kwa moyo!

Sasa sikilizeni alivyofanya yule mama. Hakumpiga wala hakumtahayarisha. Kesho yake, kabla hatujaingia, aliandika pembeni mwa ubao sentensi moja fupi: jina la yule mtoto, kisha, "leo amevaa shati jipya." Wale waliojua kusoma wakageuka kulitazama shati. Yeye akakosa raha, maana ameandikwa na hajui ameandikwa nini. Siku ya pili tena jina lake, na maneno, "ana mbwa mkali." Siku ya tatu, "anapenda maembe mabichi." Watoto wakicheka, yeye haelewi wanachekea nini. Akaanza kuuliza. Akauliza herufi hii, akauliza na ile, njiani, mtoni, hata usiku alikuja kwetu kumwuliza kaka yangu. Kabla ya likizo alikuwa wa kwanza kufika darasani kila asubuhi, apate kujua habari zake kabla ya wenzake kuzijua. Leo ni fundi wa pikipiki, na vitabu vya mashine huvisoma mwenyewe.

Watu hutafuta sana njia mpya za kusomesha, na baadhi yake ni njema. Mimi tangu siku zile naamini kwamba mtoto husoma kwa haraka anapokuwa na sababu ya kutaka kujua kilichoandikwa.

Sisi tusemao Kiswahili tumepewa bahati kubwa, na bahati hiyo ndiyo inayotudanganya. Mtoto wa Mwingereza hujifunza kusoma kwa taabu ya miaka, kwa sababu katika lugha yake herufi moja hutoa sauti nyingi, na sauti moja huandikwa kwa namna nyingi. Kwetu a ni a, popote uikutapo. Mtoto akizijua irabu tano, akaongeza konsonanti tano tu, tuseme b, k, l, m na t, mara amepata silabi 25, na kwa silabi hizo aweza kusoma baba, mama, kaka, kuku, bata, kobe, meli, mali, kula na lala. Ni utajiri mwingi kwa mtaji mdogo.

Kisha chombo hufika penye miamba. Huja mb na nd, huja ny na dh na gh, huja mbw katika mbwa na ngw katika ngwena. Hapa Mafia mtoto hutamka ng'onda na ngalawa hata kabla meno yake hayajatimia, na mdomo wake haukosei kamwe. Lakini jicho lake likiona ng na ng' hupotea, maana kinachozitenga sauti hizo mbili ni alama ndogo kama mguu wa sisimizi. Mwalimu anayeandika ng'onda ubaoni na kuleta kipande cha ng'onda mkononi amefanya kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja. (Na darasa zima litasikia njaa, lakini hiyo ni shauri nyingine.)

Hata miamba hiyo hupitwa. Kwa kawaida mtoto mwenye akili ya kadiri, akiwa na mwalimu anayehudhuria, huweza kutamka karibu kila neno la Kiswahili kabla hajamaliza darasa la pili. Hapo ndipo baba yake hufurahi, akasema, "Mwanangu amejua kusoma," akamwacha. Hapo ndipo penye hatari.

Nitawapa mfano wa neno moja. Andikeni mchangani "kaa." Neno hili lina silabi mbili nyepesi, hakuna mtoto asiyeweza kulitamka. Lakini ni neno gani? Kaa anatembea ubavu-ubavu ufukweni. Kaa la moto limeanguka jikoni. Kaa hapa nikuambie. Herufi ni zile zile. Aliyetoa sauti bado hajajua kama ni mnyama, au moto, au amri. Hulijua kwa maneno yanayolizunguka, yaani kwa kufuata maana. Basi kutamka ni kufungua mlango. Ndani ya nyumba bado mtu hajaingia.

Wako watu wa bara ambao wakija pwani husema kwamba zamani huku hapakuwa na kusoma mpaka zilipokuja shule za serikali na za misheni. Mimi ni mtu wa bara, na wa misheni, nami nasema hawajui. Kilwa, jirani yetu wa kusini, ambayo zamani ilitawala hata visiwa hivi, ziliandikwa barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo zingali zimehifadhiwa Goa, nchini India, nazo ni za mwaka 1711. Kule Masasi misheni ilianza mwaka 1876. Hesabuni wenyewe. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika habari za desturi za Waswahili zilizopigwa chapa mwaka 1903, alieleza mambo ya mtoto kupelekwa chuoni na jinsi anavyofundishwa na mwalimu wake.

Nimezungumza na wazee wengi wa hapa juu ya kusoma kwa herufi za Kiarabu, na jambo moja limenistaajabisha. Herufi zile hazikuwa na alama yake ya p, wala ya v, wala ya ch. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya jirani, p wakaiandika kama b, ingawa wengine baadaye waliongeza nukta. Na alama za irabu ni tatu, basi e na i ziliandikwa namna moja, na o na u namna moja. Kwa hiyo bata na pata huweza kuandikwa sawasawa, na kuti na koti vivyo hivyo. Fikirini msomaji wa barua wa siku zile! Ilimlazimu aifahamu habari kwanza, ndipo ajue sauti. Kama barua yahusu kuezeka nyumba, neno lile ni kuti. Kama yahusu safari ya nchi ya baridi, ni koti. Hakuweza kusoma bila kufikiri. Herufi za Kilatini, ambazo Wajerumani walizieneza katika ofisi na shule zao baada ya kuichukua Mafia mwaka 1890, zimetuondolea taabu ile, na faida yake ni kubwa. Lakini zimetuletea mtu mpya ambaye wazee hawakumjua katika barua za Kiswahili, yaani mtu awezaye kusoma barua nzima asijue inasema nini.

Tena chuo kina jambo ambalo shule zetu zimelipoteza. Kwa desturi ya zamani kila mtoto chuoni alikuwa na ubao wake na somo lake. Aliyeshika upesi alisonga mbele, na mzito alingojewa, na mkubwa alimsikiliza mdogo. Mwalimu alimjua kila mmoja amefika wapi. Katika darasa la watoto 90 wanaoitika kwa pamoja, mtoto aweza kujificha ndani ya sauti za wenzake kama samaki ndani ya kundi, na kama hakuna upepo wa kufunua ukurasa, hujificha mpaka darasa la saba. Watoto wa Mafia wengi huenda shule asubuhi na chuoni alasiri. Husoma huku kutoka kushoto na kule kutoka kuume. Wengine husema jambo hilo huwachanganya. Mimi sijaona hivyo. Mtoto aliyekwisha jua kwamba alama huweza kusema, huiamini hata alama nyingine. Linalofaa ni kumwuliza maana ya anayosoma kwa lugha yake mwenyewe, na waalimu wa shule ndio wenye wajibu huo hasa, kwa kuwa vitabu vyao ni vya Kiswahili, wala hawana udhuru.

Sasa nitasema habari ambayo vijana wengi wa kisiwa hiki hawaijui, na yafaa waijue. Mwalimu Nyerere, alipoeleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, alisema kwamba ni lazima kuwasomesha watu wazima kwanza, maana faida ya kuwasomesha watoto haitaonekana mpaka miaka mingi ipite. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita katika Tanzania Bara zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Pare, Ukerewe, Masasi, na Mafia. Naam, Mafia, kisiwa ambacho watu wengi wa bara hawakujua hata kilipo.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini Masasi nayo ilikuwa miongoni mwa zile sita, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanafunzi. Alinisimulia mara nyingi. Mumewe alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, akaleta barua mara mbili au tatu kwa mwaka. Barua ikija, bibi alimtafuta kijana wa jirani amsomee. Yule kijana alisoma kwa sauti kubwa, uani, na watu wakasimama kusikiliza kama wanaosikiliza redio. Ikiandikwa kwamba shilingi 20 zinakuja, basi wakopaji walifika kabla ya shilingi zenyewe. Na maneno ambayo mume humwambia mkewe, ambayo si ya watu, hayo hayakuandikwa kabisa, maana babu alijua nani atakayesoma.

Darasa la kisomo lilikuwa chini ya mkorosho, saa za alasiri, baada ya shamba. Nchi nzima waliojifunza wengi walikuwa wanawake, na waliowafundisha mara nyingi walikuwa watu waliomaliza shule ya msingi tu, kwa kuwa waalimu hawakutosha. Bibi alisema mkono wake uliozoea jembe uliivunja ncha ya penseli kila siku, hata akaona haya mbele ya vijana. Lakini alikuwa na sababu. Hakutaka cheti, ingawa alikipata na kukitunza ndani ya sanduku pamoja na nguo zake njema. Alitaka kusoma barua.

Akasoma. Barua ya kwanza aliyoisoma peke yake aliisomea nyuma ya jiko, na ilimchukua siku mbili. Kisha akajibu mwenyewe. Hakumwambia mtu yeyote yaliyokuwamo ndani ya barua ile mpaka alipofariki, ingawa mimi mjukuu wake nilimwuliza mara nyingi, na kila mara alicheka.

Hesabu za nchi nzima ni hizi. Mwaka 1967 watu wazima wapata 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 ilisemwa kwamba wasiojua wamepungua hata hawafiki 10 katika 100. Nchi chache katika Afrika zilipata kufanya kazi kama ile. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wanaojua kusoma ni kiasi cha 78 katika 100. Hesabu hizi mbili hazikupatikana kwa njia moja, maana ile ya 1986 ilitokana na mitihani ya kisomo na ya pili ni watu kuulizwa na makarani wa sensa. Basi hazilingani sawasawa. Hata hivyo kila mtu aona kwamba chombo kilirudi nyuma. Miaka ya 1980 fedha za nchi zilipungua, madarasa ya kisomo yakafa, karatasi zikawa adimu, na mtu aliyejua kusoma lakini hana cha kusoma alisahau, kama mvuvi aliyehamia bara anavyosahau nyota.

Watoto nao? Ada ya shule ya msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yalifurika, na hilo ni jambo la heri. Baadaye watu wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili, wakimwomba mtoto asome. Mwaka 2011 walitangaza kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, walioweza kuisoma ni kiasi cha 3. Wengi walikasirika. Serikali iliubadili mtaala mwaka 2015, masomo ya darasa la kwanza na la pili yakapunguzwa, mkazo ukawekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Vema. Lakini mtaala haumfuati mtoto nyumbani, na nyumbani ndiko ninakotaka kupeleka maneno yangu yaliyobaki.

Baba mmoja ameniambia hapo mlangoni, "Mimi sikusoma, nitamjuaje mwanangu kama anasoma?" Bwana, wajua samaki mbichi na samaki aliyelala bila kusoma kitabu. Fanya hivi. Mwambie mtoto aanze mstari wa chini apande juu. Aliyeshika kwa moyo atakwama pale pale. Kisha mpe karatasi asiyoijua, hata kama ni iliyofungiwa sabuni. Akiisha kusoma usimwambie "vizuri", mwulize, "Inasema nini?" Akikueleza kwa maneno yake, amesoma. Akirudia maneno yale yale ya karatasi, mwulize tena.

Mama zangu, mnasema hamna vitabu nyumbani. Na hizo kanga? Kila kanga ina maneno yake. Ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na siku hizi kwa za Kilatini. Kanga iliyoanikwa kambani ni ukurasa, tena ukurasa wenye herufi kubwa. Mtoto na asome, kisha akueleze kwa nini mtu avae maneno yale akienda kwa jirani. Nawaambieni, hakuna somo la maana lililo gumu kama hilo, na hakuna litakalomfurahisha zaidi.

Wavuvi, vyombo vyenu vina majina. Mkirudi na mtoto pwani, msimwulize hiki ni cha nani, mwulizeni kimeandikwa nini. Na simu zetu hizi hupokea fedha kwa maandishi. Nimemwona mama mmoja akimpa kijana asiyemjua simu yake amsomee fedha kiasi gani zimeingia, na hapo sikuhitaji kuambiwa mwisho wa habari. Mtoto wako wa darasa la tatu na awe msomaji wako, na ajue kwamba akikosea sifuri moja, nyumba nzima italala njaa. Hiyo ndiyo sababu niliyoisema, ile iliyomfanya yule mtoto mwenye shati jipya aje kwetu usiku.

Waalimu, najua madarasa yenu yalivyojaa, na sitaki kuwaongezea mzigo. Nawaomba mstari mmoja tu kila asubuhi, pembeni mwa ubao, usiokuwa katika kitabu chochote: "Jana jahazi limeleta saruji." "Mbuzi wa mwenyekiti ameingia darasani." Uwe mpya kila siku, na uwe wa kweli. Nanyi wenyeviti wa vijiji, matangazo yenu mnayoyabandika kwenye mnazi, msiyasome wenyewe barazani. Mwiteni mtoto asome, na wazee wamwulize maswali.

Nimeleta bahasha mbili, ziko mezani hapo karibu na maji ya kunywa. Ndani yake mna karatasi nilizoziandika kwa mkono, kila moja habari fupi ya mistari kumi: nyingine yahusu kaa aliyeiba ndoano, nyingine chombo kilichopotea njia kikirudi kutoka Dar es Salaam. Kila mzazi na achukue moja, asimpe mtoto mpaka jioni ya siku ya kwanza ya shule. Mwenye habari ya chombo amwulize mtoto nahodha alijuaje kwamba amepotea. Jibu halikuandikwa katika mstari wowote peke yake, ila limo.

Wenzetu wa Chole, Juani na Jibondo wapaswa kufika Utende kabla maji hayajapwa, basi wao na watangulie kwenye bahasha, na maswali yao waniulize kwanza.